Pinde Zinazonuka Samaki: Kumuaga Mzee Kalisti wa Karakana

Leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 2007, Mzee Kalisti Silvanus anastaafu rasmi baada ya kukitumikia Kituo cha Mwenge, kituo cha jamii yetu hapa Riverdale Park, Maryland, kwa miaka ishirini na miwili. Alianza mwaka 1985 akiwa dereva wa gari la kituo. Anaondoka akiwa mwalimu wa upinde na mishale, msimamizi wa karakana, na mtu pekee katika jengo hili ambaye sauti yake hufika mapokezi hata akiwa amefunga mlango. Mimi ndiye ninayekaa mapokezi, kwa hiyo najua ninachosema.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa na Mama Vumilia, mwenyekiti wa kamati yetu, ambaye anasema nina mdomo. Mzee Kalisti aliposikia, alikuja mezani kwangu kuniagiza niandike kwamba ujanani alikuwa na sura nzuri sana. Basi nimeandika. Picha ya kuthibitisha bado naisubiri.

Alizaliwa Farkwa, wilaya ya Kondoa, katika nchi ya Wasandawe, mtoto wa Mzee Silvanus ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga pinde. Mikono yake ilizoea mti kabla ya kuzoea kalamu. Lakini maisha yalimpeleka kwenye usukani, na usukani ukamleta Washington akiwa dereva wa ubalozi. Mkataba wake ulipokwisha, binti yake Adela alikuwa katikati ya masomo, naye Mzee akatafuta kazi nyingine ili mtoto asikatishwe shule. Kituo chetu kilikuwa kinahitaji mtu wa kuwachukua wazee wa Wheaton na kuwaleta kwenye chakula cha mchana cha Jumamosi. Wazee wale walimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alikuwa anapiga soga njia nzima, na taa nyekundu kwake ilikuwa nafasi ya kumalizia hadithi.

Jinsi upinde ulivyoingia kituoni ni habari inayosimuliwa kila mwaka, na kila mwaka inaongezwa chumvi. Mimi nitaieleza bila chumvi. Mwezi wa Februari 1987 kituo kiliandaa siku ya utamaduni, na Mzee Kalisti akajitolea kuonyesha upinde wa kwao. Alichonga pinde kadhaa kwa mti alioupata huku huku Maryland. Baada ya hapo alifanya kama alivyomwona baba yake akifanya. Mzee Silvanus alikuwa anatundika pinde mbichi juu ya moto wa jikoni zikauke, na kwa kuwa jikoni kwetu hapa kuna jiko la gesi, Mzee Kalisti alizitundika juu ya hita ya ukutani. Hita ya jengo hili mnaijua. Wakati wa baridi inakausha mpaka midomo ya watu.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa, Mzee akatoka na kilemba na maneno mengi. Akavuta upinde wa kwanza, ukapasuka. Akacheka, akasema huo ulikuwa wa mzaha, akachukua wa pili. Nao ukapasuka. Alipomaliza kuvuta zote, jukwaa lilikuwa limejaa kuni. Watu hawakujua kama wapige makofi au watoe pole.

Hapo ndipo Mzee alipoieleza hadhara ile desturi ya nyumbani kwao, ambayo sasa ni desturi yetu sote. Kwa Mzee Silvanus, aliyevunja upinde alitakiwa kuwapikia wote waliouona ukivunjika. Sababu yake, alivyoeleza, ni kwamba mtu asiachwe kwenda zake peke yake na aibu. Akale na watu, wamcheke wakiwa wameshiba, kesho aanze mwingine. Mzee Kalisti akaingia jikoni na kilemba chake, akapika ugali na mlenda kwa ukumbi mzima. Waliokuwepo wanasema wengine waliomba waongezewe, na wengine walikuwa wanahangaika kuukata ule utelezi wa mlenda kati ya sahani na mdomo.

Aliyeokoa kazi ni Anatoli, mtunza jengo letu, mtu wa Kalemie, Kongo, ambaye nyuma ya kituo ana kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi. Siku ile ile alimfuata Mzee jikoni akamwambia, "Papa Kalisti, miti haikauki ku shofaji sawa shemizi. Leta kwangu, ku moshi, itakauka polepole." Shofaji ndiyo hita, na shemizi ni shati. Tangu siku hiyo kila upinde wa karakana hii umekauka juu ya kambare wa Anatoli, na haujapasuka kwa ukavu hata mmoja. Kasoro yake mnaifahamu. Wanafunzi wetu wakipita na pinde zao mitaani, paka wanawafuata. Adela alipoolewa akahamia Woodbridge, kule Virginia, baba yake alimpa upinde kama zawadi ya nyumba mpya, naye akauweka gereji. "Dad, I love it," alimwambia, "but it smells like lunch."

Adela ni kama watoto wetu wengi wa hapa: Kiswahili anakisikia chote, majibu yanatoka kwa Kiingereza. Ndiyo maana mimi huona kwamba kazi kubwa ya Mzee Kalisti ilikuwa kwa watoto. Walioshindwa kuketi darasani walikwenda karakana, na kule walijifunza kusema vuta, shika, tulia, achia, kwa sababu asiyesema hakupewa mshale. Walijifunza kuchagua fito zilizonyooka, kuondoa maganda, kufunga manyoya ya bata mzinga kwa uzi, na kusugua upinde kwa kipande cha chupa mpaka ung'ae. Wazee wa Wheaton nao wakaanza kuomba washushwe karakana badala ya ukumbini. Mama Vumilia alilazimika kuhamishia chai huko.

Nisisahau habari za meno. Mzee Kalisti hunyoosha mshale kwa kuupasha moto kidogo, kisha anaushika kwa meno na kuukunja kwa mikono mpaka unyooke. Daktari wake wa meno, pale Wheaton, alimuuliza kama usingizini huwa anasaga meno. Mzee akamweleza ukweli, na kwa kuwa hajui kueleza kitu kwa maneno tu, wiki iliyofuata alikwenda na mshale. Daktari alimsihi atumie koleo. Koleo akanunua, nasi tumeliona likifanya kazi kila inapokaribia siku ya kwenda kwa daktari.

Mwaka 2003 kimbunga Isabel kilipita huku, kikaangusha miti na kutuacha gizani kwa siku kadhaa. Wakati sisi tunalalamika kuhusu nyama inayooza kwenye friji, Mzee Kalisti alikuwa anazunguka na gari la kituo akiomba magogo kwa wenye nyumba. Alichokuwa anatafuta ni hikori, mti wa huku ambao kwa upinde anausifu kuliko miti yote, isipokuwa mkole wa kwao Farkwa. Watu walimpa kwa furaha, maana miti ilikuwa imelala juu ya uzio wao. Jumamosi hiyo wazee wa Wheaton walifika kwenye chakula wamebanana na magogo, mmoja amempakata gogo kama mjukuu, na magome ya mti kwenye magauni ya kanisani. Magogo yale ndiyo yameilisha karakana mpaka mwaka huu.

Sasa niwaeleze kuhusu Bomani, maana bila yeye wasifu huu haukamiliki. Bomani ni mwalimu wetu wa Kiswahili wa jioni, mzaliwa wa upande wa Kusini-Mashariki ya jiji la Washington. Kiswahili alikisomea chuoni, na mpaka leo anakizungumza kwa utaratibu wa taarifa ya habari. Aliingia karakana miaka sita iliyopita kutafuta maneno mapya ya kufundishia. Akakuta upinde, akasahau maneno. Ana jicho zuri, ana mikono mizuri, na ana ugonjwa mmoja tu: hajui kuacha. Upinde ukishakaa sawa, unakunjika pande zote mbili kama unavyotakiwa, yeye huona bado kuna mahali padogo pa kusugua. Anasugua. Kisha anasugua tena. Halafu unasikika mlio, na baada ya mlio Bomani anatokea mlangoni mwa mapokezi, amesimama wima, anasema, "Nasikitika kuarifu kwamba upinde umevunjika."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba tumbo langu linaitambua. Bomani anapika vizuri. Anatengeneza mkate wa mahindi na majani ya sukuma ya kwao, na kwa kuwa mezani petu wamo Waislamu, ile nyama ya nguruwe ya mapishi ya bibi yake ameibadilisha na bata mzinga wa moshi. Chelagat wa jikoni aliwahi kumwambia, "Mwalimu, usijifunze haraka, sisi tutakula nini?" Sote tulicheka, Bomani akiwemo.

Mwezi wa Januari mwaka huu kicheko kilipungua. Mzee Kalisti aliiambia kamati kwamba miguu yake imechoka na baridi, na anataka kurudi Farkwa kukaa na ndugu zake. Kamati ikamkubalia. Lakini Mama Vumilia alikuwa na neno jingine, na alilisema kwa upole mbele yetu sote: "Mzee wangu, mimi sitaki kufunga karakana. Lakini watu wa bima wanataka mwalimu anayejua kazi. Ukiondoka bila kuacha mtu, mtoto akiumia nitajibu nini?" Wakaafikiana hivi: kabla ya Mzee kustaafu, mtu mmoja achonge upinde mwenyewe, kuanzia gogo mpaka kamba, bila msaada wa mkono wala wa mdomo, na Mzee Kalisti auvute hadi sikioni. Ukihimili, karakana inaendelea chini ya mtu huyo. Ukipasuka, chumba kinawekwa zile mashine za kukimbia bila kwenda popote.

Mtu mwenyewe tulimjua ni nani. Hakuwepo mwingine.

Siku ile Mzee Kalisti hakutania mtu. Alikuja akaketi kwenye kiti cha wageni mbele ya meza yangu. Kisha akasema, "Vaileth, wakiweka mashine mle ndani, basi mimi nitakuwa nilikuja Marekani kuendesha gari tu." Nilimpa chai.

Mwezi wa Machi tulikula mkate wa mahindi. Mwezi wa Aprili tukala tena, na safari hiyo hakuna aliyesifu chakula. Bomani alikuwa amekonda. Katika magogo ya Isabel lilikuwa limebaki moja la maana, limekaa kwenye moshi wa Anatoli miaka yote hiyo. Mzee Kalisti akalipasua katikati. Nusu moja akampa Bomani kwa ajili ya jaribio. Nusu ya pili akaichukua mwenyewe achonge upinde wa kwenda nao nyumbani, kwa sababu alitaka ndugu zake waone kwamba mtoto wa Silvanus hakuisahau kazi ya baba. Wakawa wanachonga chumba kimoja, kila mmoja kwenye ukuta wake, wamepeana migongo. Mama Vumilia alikuwa amemwapisha Mzee kutosema kitu, na nawahakikishia kwamba hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya hapa.

Kitabu hiki cha sherehe kilitakiwa kwenda kuchapwa wiki iliyopita. Nilikizuia mpaka jaribio lipite, wachapaji wakanikasirikia, na nawaomba radhi.

Jaribio lilifanyika Jumamosi iliyopita asubuhi. Milango ya karakana ilikuwa wazi, na tulikuwepo mimi, Anatoli, Mama Vumilia, Chelagat, na Adela aliyekuja kutoka Woodbridge kwa ajili ya baba yake. Mzee Kalisti alikuwa ameuweka upinde wake kwenye vigingi vya ukutani anakopimia mkunjo, na alikuwa anauvuta kamba taratibu, hatua kwa hatua, kama anavyofundisha watoto. Upande wa pili Bomani alikuwa ameinua wa kwake kwenye mwanga wa mlango. Aliutazama. Akaukunja kidogo, akautazama tena. Sisi sote tuliona kwamba umekaa vizuri. Kisha Bomani akanyoosha mkono, akachukua kipande cha chupa.

Mzee Kalisti naye aliona. Alifungua kinywa, akakumbuka kiapo, akakifunga. Macho yake hayakutoka kwenye ule mkono wa Bomani. Na kwa kuwa macho yalikuwa kule, mikono yake mwenyewe iliendelea kuvuta, ikapita alama ya kikomo, ikapita kabisa.

Mlio ulijaa chumba. Anatoli alijishika kichwa, mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, Bomani alikuwa amesimama na upinde wake mzima mkononi, na kile kipande cha chupa kilikuwa mezani. Alikuwa amekirudisha bila kukitumia. Uliovunjika ulikuwa wa Mzee.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mtu aliyejigamba kwamba hajavunja upinde tangu enzi za hita alikuwa ameshika vipande viwili, na ndio upinde wake wa kwenda nao nyumbani. Adela alimsogelea akasema, "Baba." Kwa Kiswahili, na kwa sauti ya mtoto mdogo. Mzee akavitazama vile vipande. Akasimama wima, akavuta koti lake likakaa sawa, akatutazama sote usoni, na kwa lafudhi ile ile ya taarifa ya habari akasema, "Nasikitika kuarifu kwamba upinde umevunjika."

Tulicheka mpaka Mama Vumilia akaketi sakafuni. Bomani alikuwa anacheka huku analia.

Lakini jaribio lilikuwa bado. Mzee aliupokea upinde wa Bomani kwa mikono miwili, akauzungushia kamba, akautia puani. "Unanuka samaki," alisema. "Ni wenyewe." Tukatoka uani. Aliweka mshale, akavuta mpaka kidevuni, akavuta mpaka shavuni, akavuta mpaka sikioni, na hapo akakaa nao muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa namwombea kwa Mungu aachie. Alipoachia, mshale uliingia kwenye marobota ya majani ukazama, na upinde ukarudi mahali pake bila kulalamika. Akapiga mwingine. Akapiga mpaka podo lote la mishale likaisha. Kisha akamgeukia Mama Vumilia akamwambia, "Mashine zako tafuta pa kuziweka."

Bomani hakukubali kuuchukua tena upinde ule. Alimwambia Mzee kwamba mtu hawezi kurudi kwa ndugu zake mikono mitupu, na kwamba mti ni ule ule, gogo moja, limegawanywa tu. Mzee Kalisti alikataa, akakataa tena, halafu akashindwa, akamkumbatia. Adela aliuangalia, akaunusa, akauliza, "That's going in with your clothes, isn't it?" Alipoambiwa ndiyo, akaenda kutafuta kitu cha kuufungia. Kwa hiyo upinde utakaofika Farkwa mwezi ujao umechongwa na mikono ya Bomani wa Washington, kwa mti wa Maryland, ukakaushwa juu ya samaki wa mtu wa Kalemie. Ndugu zake wakiuliza ni kazi ya nani, atakuwa na hadithi ya kuwatosha mwaka mzima, na sisi tunaomjua tunawapa pole mapema.

Karakana inafunguliwa Jumanne kama kawaida. Mwalimu ni Bomani, na anayetaka kujiandikisha aje mapokezi.

Mzee Kalisti, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa safari zote za Wheaton, kwa mishale iliyopita katika meno yako, kwa watoto wetu ambao wanajua kusema tulia kwa sababu yako. Tunakushukuru zaidi kwa ile desturi ya baba yako, ambayo imetufundisha kuvunja vitu bila kukimbiana. Ukapate usingizi mzuri Farkwa, jua la kutosha magotini, na watu wa kukusikiliza mpaka mwisho wa hadithi. Tutakukumbuka kila paka akipita dirishani.

Wageni wetu, tunawakaribisha mezani. Mlifikiri leo tungemhudumia mstaafu akiwa ameketi, na kamati ilikuwa imepanga hivyo. Lakini sisi wa karakana tulikuwepo upinde ulipovunjika, na desturi haina likizo. Yuko jikoni tangu alfajiri na kilemba chake kichwani, na amekataa kusaidiwa. Chakula ni ugali na mlenda. Kuleni mshibe, mcheke, na kesho tuanze mwingine.

Vaileth, Mapokezi